Naitrojeni Ndani ya Kauri: Uchambuzi wa Oksinitridi za Metali

Katika mwaka 1972 wataalamu wawili wa Kijapani, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, walichapisha katika jarida la Nature habari fupi ya jambo ambalo Fujishima alikuwa amekwisha kuliona miaka mitano kabla yake katika maabara ya Chuo Kikuu cha Tokyo: kwamba fuwele ya oksidi ya titani, ikitumbukizwa majini na kumulikwa, hutoa mapovu ya oksijeni pasipo yenyewe kuliwa, na kwamba upande wa pili wa waya, kwenye kipande cha platini, hupanda haidrojeni. Maji yalikuwa yamegawanywa kwa nuru. Habari hiyo ilienea upesi, hasa baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka uliofuata, na wengi wakadhani kwamba haitapita dahari mataifa yatakuwa yakipata fueli yao kutokana na jua na maji. Sasa imepita nusu karne na ushei, na jambo hilo halijawa. Na sababu ya kwanza ya kutokuwa kwake ni rangi.

Oksidi ya titani ni ile ile inayotiwa katika rangi za kuta ili ziwe nyeupe, na kitu kikiwa cheupe maana yake kimeikataa nuru yote tuionayo kwa macho na kuirudisha ilikotoka. Kinachopokewa nayo ni mionzi ya urujuanimno peke yake, ambayo katika jua linalofika ardhini ni kama asilimia 5 ya nishati yote. Ndani ya mada ya namna hii elektroni zimejaa katika ukanda wa chini, juu yake upo ukanda mwingine ulio mtupu, na baina ya kanda hizo mbili pana pengo ambamo elektroni haina makazi. Fotoni ikija na nishati ya kutosha huirusha elektroni hadi ng'ambo ya pengo, nyuma ikabaki nafasi tupu, yaani tundu, ambalo nalo lina kazi yake, kwa kuwa elektroni iliyopanda ndiyo itakayoifanya haidrojeni, na tundu lililobaki ndilo litakaloyanyang'anya maji elektroni zake hata oksijeni itoke. Ni sawa na mtu arukaye kutoka mchangani hadi juu ya baraza: ama aruke kimo kamili afike, ama arudi chini alikotoka, wala miruko miwili ya nusu kimo haijumlishwi ikawa mmoja. Pengo la oksidi ya titani ni elektronivolti 3.0 hadi 3.2 kwa kadiri ya umbo la fuwele, ilhali kuyagawanya maji, kwa hesabu tupu ya nishati, hakuhitaji zaidi ya 1.23. Baraza, kwa hiyo, imejengwa juu kuliko haja, na sehemu kubwa ya nuru ya jua huruka na kuanguka.

Ama kilichoifanya iwe juu hivyo ni oksijeni yenyewe. Katika oksidi nyingi za metali ukanda wa chini umejengwa kwa elektroni za oksijeni, na oksijeni ni mchoyo. Huzishika elektroni zake kwa nguvu nyingi mno, hata ukanda huo ukakaa mbali chini, ngazi nyingi chini ya pale panapotosha kuyapokonya maji elektroni. Naitrojeni, jirani yake katika jedwali la elementi, si mchoyo kwa kiasi hicho: katika kipimo cha Pauling oksijeni ina 3.44 na naitrojeni 3.04. Basi ukiiondoa baadhi ya oksijeni katika jiwe na kuiweka naitrojeni mahali pake, sakafu huinuka na dari hubaki ilipokuwa, pengo likapungua. Jambo hili laonekana hata bila ya chombo cha kupimia. Oksidi ya tantalamu ni nyeupe, na pengo lake ni kama 3.9, oksinitridi yake, TaON, ni ya manjano, pengo 2.5, na nitridi yake, Ta3N5, ni nyekundu, pengo 2.1, nayo hupokea nuru hadi urefu wa wimbi wa nanomita 600, yaani karibu theluthi mbili za kile kinachoonekana kwa macho.

Sharti la kubadilisha ni kwamba hesabu ya chaji iende sawa, kwani naitrojeni huja na chaji hasi tatu mahali ambapo oksijeni ilikuwa na mbili. Kwa sababu hiyo atiaye naitrojeni hana budi kubadili na metali: strontiamu ikaondoka na lanthani ikaingia, au titani ikaondoka na tantalamu ikaingia. Kwa njia hii ilipatikana jamaa kubwa ya mawe yenye umbo la perovskiti, LaTiO2N, CaTaO2N, SrTaO2N, BaTaO2N, BaNbO2N, kila moja na rangi yake, tangu manjano mpaka kahawia iliyoiva, na ya mwisho katika hizo hupokea nuru hadi nanomita 740, mahali ambapo jicho la mwanadamu limekwisha kuchoka.

Maumbile yenyewe hayakutupa vitu hivi kwa wingi. Sinoiti, ambayo ni oksinitridi ya silikoni, ilitambuliwa mwaka 1964 ndani ya vimondo vya jamii ya enstatiti, mawe yaliyoumbika mahali penye uhaba mkubwa wa oksijeni kabla ya kuiangukia dunia yetu. Na dalili hiyo yatosha kumwonyesha mtu kwamba hapa chini, penye oksijeni kila upande, naitrojeni haina nguvu ya kukaa ndani ya jiwe. Hewa tuivutayo ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa kifungo cha kilojuli 945 kwa moli, karibu mara mbili ya kile cha oksijeni ambacho ni 498, na kila naitrojeni ipatapo nafasi ya kutoka jiweni na kumrudia mwenzake, hutoka. Yeyote autazamaye uwanja huu na alikumbuke jambo hili, maana ndilo litakalorudi kila mara katika maneno yafuatayo.

Kazi yenyewe ya kutengeneza huendeshwa hivi. Unga mweupe wa oksidi ya tantalamu huwekwa katika kijisahani kirefu cha alumina, kikasukumwa taratibu hadi katikati ya bomba la tanuri, bomba likazibwa ncha zote mbili, na gesi ya amonia ikaanza kupita, ikitokea upande wa pili ndani ya chupa ya maji au asidi ili isiwaunguze macho waliomo chumbani. Joto hupandishwa hadi nyuzi 850 za Selsiasi na kuachwa hapo muda wa saa 15. Amonia ikipita kidogo kidogo, mililita 20 hivi kwa dakika, unga hutoka wa manjano. Ikipita kwa wingi, lita nzima kwa dakika, hutoka mwekundu. Tanuri ni lile lile, joto ni lile lile, na muda ni ule ule. Tafauti yote imo katika mwendo wa gesi, kwa sababu amonia ikikawia penye joto hilo huvunjika yenyewe ikawa naitrojeni na haidrojeni, na naitrojeni iliyokwisha kupata mwenzake haifai tena kwa kazi.

Haidrojeni hiyo inayozaliwa njiani, pamoja na amonia yenyewe, ndiyo yenye kuleta madhara. Huiondoa oksijeni jiweni haraka kuliko naitrojeni inavyoweza kuingia, mahali palipobaki wazi pakawa kasoro, na metali iliyopaswa kuwa na chaji chanya tano ikashuka hadi nne. Kasoro za namna hii hazionekani kwa macho ila pengine kwa rangi ya unga kuwa nzito na chafu kuliko ilivyostahili, lakini kwa elektroni na tundu vilivyotengana kwa nguvu ya nuru kila kasoro ni mahali pa kukutania na kufutana, nuru yote ikaishia kuwa joto la bure. Tantalamu hustahimili adhabu hii kuliko wenzake. Titani huteremka kwa wepesi kutoka chaji nne hadi tatu, na niobi nayo si imara. Hii ndiyo sababu kubwa ya tantalamu kutawala katika habari zote za oksinitridi, wala si kwa kuwa ni metali rahisi au iliyo tele.

Tarehe ya mawe haya haikuanza na haidrojeni. Kule Rennes, katika Ufaransa, Roger Marchand na wenzake walitumia miaka mingi kabla ya mwisho wa karne iliyopita kuyatengeneza na kuyachunguza umbo lake, wakati ambapo walioyaona kuwa na faida walikuwa wachache sana. Mwaka 2000 Martin Jansen na Letschert, wakiwa Ujerumani, waliandika katika Nature kwamba mchanganyiko wa CaTaO2N na LaTaON2 waweza kutoa rangi yoyote itakiwayo tangu manjano hadi nyekundu kwa kubadili vipimo vyake tu, na kwa hiyo ungeweza kuchukua mahali pa rangi za kadmiamu ambazo ni sumu. Ni baada ya hapo ndipo wanakemia wa nuru, na mbele yao Kazunari Domen wa Tokyo, walipoyachukua mawe hayo na kuyaweka majini. Insafu yataka isemwe kwamba bila ya subira ya watu wa Rennes, ambao hawakuahidi nishati wala fueli, wale waliofuata wangelianza mikono mitupu.

Sasa tufike kwenye mizani, maana hapa ndipo msomaji wa magazeti hupotoshwa zaidi. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba TaON, ikimulikwa kwa nuru ionekanayo, hutoa oksijeni kutoka majini kwa ufanisi wa asilimia 34. Na mwaka 2012, kwamba LaTiO2N iliyotiwa oksidi ya kobalti hufikia asilimia 27 penye wimbi la nanomita 440. Hesabu hizi ni za kweli na watu waliozipata ni waaminifu. Lakini tazama zilivyopatikana. Unga hutiwa katika chombo cha kioo chenye maji yaliyoyeyushwa nitrati ya fedha, huongezwa oksidi ya lanthani kidogo ili maji yasiwe makali, hewa hufyonzwa yote, na taa ya zenoni huwashwa juu, mbele yake pamewekwa kioo cha kuzuia mawimbi mafupi kuliko nanomita 420. Tundu huyapokonya maji elektroni na oksijeni hupanda. Elektroni nayo haiendi kuifanya haidrojeni. Huenda kwenye fedha, ambayo huipokea kwa furaha na kugeuka kuwa metali. Baada ya saa chache unga uliokuwa wa manjano umekuwa mweusi, kila chembe imefunikwa na fedha, nuru haipenyi tena, na oksijeni hukoma. Kilichojulikana ni kwamba nusu moja ya kazi yawezekana ikiwa nusu ya pili imenunuliwa kwa metali ya thamani. Upande wa haidrojeni hufanywa vivyo hivyo, ila badala ya fedha hutiwa methanoli, ambayo yenyewe ni fueli.

Tofauti ya nusu kazi na kazi nzima si ndogo. Mwaka 2018 kundi la Domen lilifaulu kuotesha vijiti vya Ta3N5 vyenye fuwele moja moja, safi, kwenye kingo za chembe za oksidi ya potasi na tantalamu, na kwa mara ya kwanza nitridi hiyo nyekundu ikayagawanya maji kuwa vyote viwili, haidrojeni na oksijeni, bila ya fedha wala methanoli. Ulikuwa ushindi mkubwa wa ufundi, kwani watu walikuwa wameutafuta kwa miaka mingi. Ufanisi wake penye nanomita 420 ulikuwa asilimia 0.22, na sehemu ya nishati ya jua iliyogeuka kuwa haidrojeni ilikuwa asilimia 0.014. Mwenye kusoma asilimia 34 na asilimia 0.22 katika ukurasa mmoja atadhani hizi ni habari za vitu viwili vya mbali, kumbe ni za ndugu wawili waliotoka tanuri moja, mmoja amepimwa akisaidiwa na mwingine amepimwa akiwa peke yake.

Mafanikio mengine ya kazi nzima yapo, nayo yahesabika. Mwaka 2006 Maeda, Domen na wenzao walionyesha kwamba nitridi ya galiamu na oksidi ya zinki, ambazo kila moja peke yake haipokei ila urujuanimno, zikichanganyika ndani ya fuwele moja huwa za manjano na huyagawanya maji kwa nuru ionekanayo, ufanisi wakati ule ukiwa asilimia 2.5 penye nanomita 420 hadi 440, na juu ya chembe hizo pamewekwa vidonge vidogo mno vya oksidi ya rodi na kromi ili haidrojeni ipate mahali pa kuzaliwa. Mwaka 2015 Chengsi Pan na wenzake walitoa perovskiti yenye lanthani, magnesiamu na tantalamu iliyofanya kazi hadi nanomita 600, lakini baada ya kuvishwa ganda jembamba la titani na oksijeni. Bila ya ganda hilo naitrojeni hailindwi. Na lazima ilindwe, kwa kuwa tundu halichagui: likikosa maji ya kuyapokonya upesi, huigeukia naitrojeni iliyo karibu nalo, atomu mbili za naitrojeni zikaungana, zikatoka kama povu, na uso wa jiwe ukarudi kuwa oksidi nyeupe isiyo na faida. Jiwe hujila lenyewe.

Ni kwa sababu hii vichocheo-saidizi, oksidi ya kobalti, iridi, rodi iliyofunikwa kwa kromi, si mapambo ya juu juu. Kazi ya kwanza ya kobalti ni kulipokea tundu haraka kabla halijafanya uharibifu, na kazi ya ganda la kromi juu ya rodi ni kuiruhusu haidrojeni itoke na kuizuia oksijeni isirudi kuungana nayo. Kwa rai yangu, miaka ishirini ya uwanja huu yaweza kusomwa kama tarehe ya ganda na kasoro, wala si tarehe ya rangi. Rangi ilikwisha kupatikana tangu siku za kwanza.

Ushahidi mkubwa wa rai hiyo hautoki katika oksinitridi bali katika jiwe jeupe. Mwaka 2020 Takata, Domen na wenzao walitangaza kwamba oksidi ya strontiamu na titani, iliyotiwa alumini kidogo na kuwekewa vichocheo-saidizi viwili, kila kimoja kwenye nyuso za fuwele zinazokifaa, hutumia karibu kila fotoni inayoipokea: ufanisi hadi asilimia 96 penye nanomita 350 hadi 360. Haina naitrojeni wala haipokei nuru ionekanayo, lakini haina kasoro. Mwaka uliofuata walieleza jinsi walivyotandaza vipande vya jiwe hilo juani, mkoani Ibaraki, Japani, eneo la mita za mraba 100, gesi zikatoka zimechanganyika na zikatenganishwa kwa utando, na kwa miezi kadhaa mtambo ukaenda. Waliwasha hata moto kwa makusudi ndani ya mchanganyiko huo wa hatari ili kuonyesha kwamba mabomba membamba hayapasuki. Sehemu ya jua iliyogeuka haidrojeni haikuzidi asilimia 0.76, kwani jua halina urujuanimno wa kutosha. Hivyo ndivyo hali ilivyo: jiwe jeupe limejifunza kazi yote lakini halina nuru ya kuifanyia, na jiwe jekundu lina nuru tele lakini halijajifunza kazi.

Wanaofuata njia ya umeme, ambako utando wa Ta3N5 hushikamanishwa na waya na kusaidiwa na volti za nje, wamefika mbali zaidi. Zimeandikwa asilimia 3 na ushei za nishati ya jua kwa nitridi iliyotiwa magnesiamu kwa utaratibu wa hatua kwa hatua kutoka juu hadi chini. Hesabu hizo nazo ni za nusu seli, yaani za upande mmoja tu wa kazi, basi zisomwe kwa hadhari ile ile.

Nje ya haidrojeni oksinitridi zina shughuli nyingine, na katika baadhi yake zimekwisha kuingia sokoni bila ya kelele. Sialoni, kauri ya silikoni, alumini, oksijeni na naitrojeni iliyovumbuliwa mapema katika miaka ya sabini huko Newcastle na huko Japani, hukata vyuma viwandani. Na sialoni ya aina ya beta iliyotiwa europi, iliyotangazwa Tsukuba mwaka 2005, ndiyo hutoa kijani safi katika viwambo vingi vya taa za LED. Oksinitridi ya lithi na fosforasi, iliyobuniwa na John Bates na wenzake wa Oak Ridge, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ni kioo badala ya fuwele, nayo huzipitisha ioni za lithi katika betri nyembamba zisizo na kimiminika. Katika seli za fueli, Ken-ichiro Ota wa Yokohama alionyesha kwamba oksinitridi za tantalamu na zirkoni haziliwi katika asidi ambayo platini huyeyuka ndani yake polepole. Lakini kwa nguvu ya kazi bado ziko nyuma ya platini, na hapo ndipo shauri limesimama.

Juu ya amonia pana kisa ambacho kila mtafiti kijana angepaswa kusimuliwa. Njia ya Haber na Bosch huitengeneza amonia kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na shinikizo la anga mia na zaidi, na kwa hiyo wengi walivutiwa na fikra ya kuifanya kwa umeme katika joto la kawaida, juu ya nitridi na oksinitridi za vanadi na metali nyinginezo. Amonia ilionekana kweli majini, ikapimwa, ikaandikwa. Swali lililosahauliwa ni ilikotoka. Kwa maana jiwe lenyewe lina naitrojeni ndani yake, na pumzi ya watu, glovu, na hata gesi ya chupani zina chembe za amonia au oksidi zake. Mwaka 2019 jopo la watafiti wa Denmark, Stanford na London walichapisha utaratibu mkali wa kupima, ambao kiini chake ni kutumia naitrojeni nzito, ya isotopu 15, iliyosafishwa kwanza, na kutazama kama amonia itokayo ina uzito huo. Madai mengi yalipopitishwa katika tanuri hilo la ukweli hayakubaki. Njia nyingine, ya joto, ina mizizi imara zaidi: Kitano, Hosono na wenzao wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo walitoa mwaka huo huo jiwe la bari na seri lenye oksijeni, naitrojeni na haidrojeni kwa pamoja, ambamo naitrojeni ya jiwe hutoka kuwa amonia na nyingine ya hewani huingia mahali pake, kazi ikiendelea bila ya rutheni. Hapo kule kutoka kwa naitrojeni, ambako kwenye maji ni maradhi, kumekuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa kuna jambo ambalo wenye kuandika kutoka Tokyo na Zurich hulitaja kwa nusu mstari, nasi hatuwezi kulipita. Tantalamu hutoka katika koltani, na zaidi ya nusu ya tantalamu ichimbwayo duniani hutoka Kongo na Rwanda, sehemu kubwa yake ikichimbwa kwa sururu na sepetu katika vilima vya Kivu na Tanganyika na watu ambao lugha yao ya sokoni na ya machimboni ni Kiswahili hiki. Rubaya, katika Masisi, wachimbaji huteremka mashimoni kwa kamba, hupandisha udongo kwa mifuko, na huuosha kwa maji ya kijito mpaka mchanga mweusi mzito ubaki chini. Sheria ya Marekani ya 2010 iliwataka wanunuzi waeleze madini yao yametoka wapi, na mifuko ikaanza kufungwa vibandiko vya nambari. Mwezi wa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, na vibandiko havikuuzuia mji kutekwa.

Tufanye hesabu. Utando wa Ta3N5 wenye unene wa mikromita moja una, katika kila mita ya mraba, tantalamu isiyofika gramu 9. Ni kidogo mno. Lakini kilomita za mraba 100 za utando huo, eneo ambalo kwa jua la wastani wa Afrika Mashariki na ufanisi wa asilimia 10, ambao hakuna aliyekwisha kuukaribia, lingetoa nishati kiasi cha jigawati 2 kwa wastani wa usiku na mchana, zingekula tani 870 hivi, ilhali machimbo yote ya dunia hutoa takriban tani 2,000 kwa mwaka, na karibu zote zimekwisha kuahidiwa kwa kapasita za simu na aloi za injini za ndege. Unga uliotandazwa hauwi mwembamba kiasi hicho, utahitaji zaidi. Metali isiyotosha simu haitatosha jua.

Ufanisi wa asilimia 10, ili msomaji apate kadiri yake, ungetoa gramu 15 hivi za haidrojeni kwa mita ya mraba kwa siku, asilimia 0.76 ya Ibaraki, kidogo zaidi ya gramu moja. Na mshindani yupo tayari: paneli za silikoni zikiunganishwa na chombo cha kugawanya maji kwa umeme hupita asilimia 10 leo, kwa vifaa vinavyouzwa madukani. Hoja pekee ya mawe haya mbele ya mshindani huyo ni urahisi, kwamba unga uliopakwa kwenye kioo hauna waya, hauna fremu, wala hauna fundi wa umeme; nayo ni hoja nzito, maadamu unga wenyewe uwe rahisi. Unga wa tantalamu hauwi rahisi.

Badala yake zipo metali nyingine: niobi ipo Panda Hill karibu na Mbeya, na ipo Mrima katika Kwale, ingawa dunia hununua yake karibu yote kutoka Brazili. Titani ni tele kuliko zote. Katika Kwale hiyo hiyo mchanga wa ilmeniti, rutili na zirkoni ulichimbwa tangu mwishoni mwa 2013 hadi uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Kwa hiyo mimi naona kwamba macho yangeelekezwa zaidi kwa LaTiO2N na jamaa zake kuliko kwa wekundu wa tantalamu, na kwamba kazi kubwa ni kuepukana na tanuri la nyuzi 850, ambalo titani hailistahimili. Njia moja imekwisha kuonyeshwa huko Kyoto na Hiroshi Kageyama na wenzake mwaka 2015: jiwe la bari na titani huwekewa kwanza haidrojeni hasi ndani ya fuwele, na haidrojeni hiyo, ikiwa haishikwi kwa nguvu, hubadilishana na naitrojeni ya amonia katika joto la nyuzi 400 hivi, bila ya kuvunja umbo la jiwe na bila ya titani kubaki imeteremshwa. Walichokipata kilichunguzwa kwa tabia zake za umeme, si kwa kugawanya maji. Lanthani nayo haimo ndani yake. Lakini nusu ya joto imeondolewa, na naitrojeni imeingia kwa mlango ambao watu wa Rennes na wa Tokyo hawakuupitia.